USUKANI HAUFUNGWI KWA WAYA

Wahenga walinena kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Nawaheshimu wahenga, lakini kwa hili naomba ruhusa ya walimu wangu nibishane nao kidogo. Usukani ulikuwapo! Niliuona kwa macho yangu mawili ukizunguka mikononi mwa mjomba, na magurudumu hayana habari.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya mwaka 1966. Kwa nje ni bibi arusi: rangi mpya ya kijani, taa zang'aa, kila apitaye husimama kulisifu. Hakuna aliyewahi kuinama atazame chini. Basi likizo ya Aprili tulikuwa tukiteremka kuelekea mtoni, binamu zangu wanne nyuma wakiimba, mara gari likaamua kwenda kwake. Tukaishia kwenye mahindi ya watu. Bahati tulikuwa tunaenda polepole, la sivyo ukurasa huu ungekuwa tanzia.

Chini ya gari tulikuta nini? Kipande cha waya wa ua, kimekatika.

Hapo ndipo ninapokereka, wasomaji wenzangu. Katika Land Rover za aina hiyo, usukani huyafikia magurudumu kupitia fimbo tatu, na kila fimbo ina boljointi mbili. Jumla sita. Kila boljointi hukazwa kwa nati yenye meno kama taji, kisha pini ya miguu miwili hupitishwa katikati ya meno na tundu la bolti, ili nati isijifungue kwa mtikiso. Tundu lisipolingana na meno, unakaza mbele kidogo; hurudishi nyuma ng'o. Pini yenyewe ni kitu cha bei ya peremende. Lakini fundi mmoja alimwambia mjomba, "Hata waya itashika tu, mzee." Ilishika kweli, miezi miwili.

Halafu kuna ile imani ya kwamba spana ni spana. Nati nyingi za gari hilo ni za inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 itaingia vizuri sana, itavuta, itateleza, na kona za nati zitaliwa. Nati ikishakuwa mviringo, inaitwa patasi na nyundo, na hapo ni vilio. Land Rover za kwanza, zile za 1948, ndizo balaa zaidi. Hesi zake nyingi ni za mtindo alioanzisha Joseph Whitworth huko Uingereza mwaka 1841, zenye pembe ya nyuzi 55, ilhali zilizokuja baadaye zina nyuzi 60. Kwa macho bolti zafanana kama pacha. Ukilazimisha, nati huingia mizunguko miwili mitatu kisha hung'ang'ana, na asiye na subira huongeza nguvu.

Najua wapo watakaosema, ah, vikuukuu hivi viuzwe kwa kilo! Sikubaliani nao kabisa. Gari la kisasa likiharibika huulizwa kompyuta. Hili la mjomba hujieleza lenyewe kwa mkono. Injini ikiwa imezimwa, mimi hulala chini na kushika kila boljointi, naye hutikisa usukani kulia na kushoto. Iliyolegea huisikia vidoleni kabla ya kuiona. Hata fimbo zile zina akili: ncha moja ina hesi ya kulia na nyingine ya kushoto, hivyo ukilegeza vibanio na kuzungusha fimbo, inarefuka au kufupika bila kung'oa kitu.

Hadi sasa tumekagua zote sita. Tano ziko sawa na zina pini mpya. Ya sita bado inacheza, na mjomba ameagiza nyingine Nairobi. Mpaka ifike, gari limewekewa mawe magurudumuni, na binamu zangu wanakwenda sokoni kwa miguu huku wakininung'unikia mimi.