Mkoko Ualikao Maua Vitabuni

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na mkoko kwa mara ya kwanza katika daftari la insha. Mambo yanapochacha katika kisa, mwalimu humfunza kuandika kwamba mkoko ndio kwanza ulikuwa unaalika maua. Usemi huo humpatia alama, naye huubeba kutoka shule ya msingi hadi sekondari, na kutoka sekondari hadi chuo kikuu, ambako hukutana nao tena na kuufafanua kwa ufasaha chini ya mada ya tamathali za usemi. Akiulizwa maua ya mkoko yana rangi gani, hunyamaza. Akiulizwa baada ya maua hayo hufuata nini, hunyamaza zaidi.

Maua yenyewe ni madogo, meupe yaliyoelekea manjano, nayo huinamia chini. Kisha huja jambo ambalo mwembe na mchungwa haulijui: mbegu huota tunda lingali mtini. Hutoa kijiti kirefu cha kijani kinachoning'inia kwa miezi mingi. Kikikomaa hudondoka, na iwapo maji yamekupwa huenda kikajidunga matopeni na kuanza kukua papo hapo. Iwapo yamejaa, huelea kikachukuliwa na mkondo hadi pwani nyingine. Aliyeubuni usemi ule bila shaka alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Yamkini alitaka kusema kwamba maua ni mwanzo tu, na kwamba kizito kiko njiani. Msomi anayeutumia leo amebaki na ganda la usemi. Kiini chake kimesalia matopeni.

Ni jambo lisilopingika kwamba mwanafunzi huyu anayapenda mazingira. Ameandika insha kadhaa juu ya utunzaji wake. Tatizo ni kwamba msamiati wake wa mazingira una maneno mengi ya jumla, kama misitu, miti, uchafuzi na ukataji ovyo, na majina machache mno ya vitu. Akifika Gazi, katika Kaunti ya Kwale, na kupita juu ya ule ujia wa mbao unaosimamiwa na kinamama wa kijiji, huona msitu mmoja tu, nao huuita mikoko. Mwenyeji haoni hivyo. Mwenyeji huuona mlilana ukiwa mbele kabisa ukikabiliana na mawimbi. Nyuma yake huuona mkoko hasa, wenye mizizi iliyopinda kama matao, na muia, ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama magoti. Huuona mkandaa, ambao magome yake yalitumiwa kutengenezea ngozi na kutia rangi. Huuona mchu, ambao anayelilamba jani lake huonja chumvi, kwani mti huo huitoa chumvi ya bahari kupitia majani. Kikandaa husimama kuelekea nchi kavu. Upo pia mkomafi, wenye tunda kubwa kama balungi, na msikundazi. Wataalamu wanahesabu spishi tisa za miti hii nchini Kenya, na lugha ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuipambanua kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari.

Upambanuzi huo haukuwa wa mapambo. Fundi wa majahazi alipotaka mataruma alitafuta mlilana. Mjenzi alitafuta mkoko na mkandaa, tena akiipanga miti kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti iliyobeba dari. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku uuzaji wake nje mwaka 1982. Mtu anayesoma historia ya ushairi wa Lamu bila kujua boriti ni nini anasoma kuhusu watu waliokaa hewani.

Hapa huenda pakazuka hoja kwamba majina haya si ya kusumbukia maadam sayansi ina ya Kilatini, tena yasiyobadilika toka nchi hadi nchi, ilhali ya Kiswahili hutofautiana. Ni kweli hutofautiana. Muia wa Gazi huitwa mshinzi katika baadhi ya sehemu za Tanzania. Mchu huitwa mtu kwa Kiamu, kwa kanuni ile ile inayoyafanya macho kuwa mato. Hata hivyo, mwanaisimu aliyefunzwa kuona utajiri katika tofauti za lahaja atakuwa kioja akianza kuziona kuwa kasoro pindi zinapogusa miti. Fauka ya hayo, mvuvi hajui Kilatini, na msitu uko mikononi mwa mvuvi.

Hasara ya kuiita miti yote mikoko huonekana wazi wakati wa kupanda. Vijiti vya mkoko hasa ni rahisi kuokota na havihitaji kitalu. Mtu huvidunga matopeni akaondoka. Kwa hiyo ndivyo vinavyopendwa na wageni wanaokuja kwa siku moja wakiwa wamevaa fulana za kufanana. Hudungwa popote penye tope, hata pale mbele panapostahili mlilana, ambapo wimbi huving'oa au chaza wadogo huviganda hadi vikafa. Penginepo hudungwa katika uwanda mtupu ambao haukuwahi kuwa na mti. Picha hupigwa na idadi hutangazwa. Serikali ya Kenya imejiwekea shabaha ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ya kitaifa kwa ajili ya kupanda. Shabaha ni njema. Ila katika matangazo mengi idadi ndiyo inayotajwa, na majina hayatajwi, ilhali jina ndilo linaloamua kama mche utasimama au utaelea.

Gazi yenyewe ni ushahidi kwamba kupanda kwa kujua kunawezekana. Katika miaka ya 1970 msitu wake ulikatwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, pakabaki uwazi. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walianza kupanda upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakizingatia kila mti na mahali pake, na leo mgeni hawezi kutambua kwa urahisi ni wapi palipokuwa wazi. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, umekuwa ukiuza kaboni inayohifadhiwa na msitu huo tangu mwaka 2013, na mapato yake yamesaidia kuleta maji na vitabu vya shule.

Lipo jingine, na hili ni la haki. Katika insha za shule mkata miti ni adui wa kudumu. Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya misitu ya mikoko ya Kenya, na familia nyingi huko zimeishi kwa boriti vizazi na vizazi. Ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku Februari 2018, wao pia walifikiwa, ingawa hawakuwa na mkono katika uharibifu wa misitu ya milimani uliosababisha marufuku yenyewe. Mwaka uo huo Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, ujenzi uliohusisha kuchimbua sakafu ya bahari. Mwanafunzi anayeandika kwamba wananchi wanaharibu mazingira kwa kukata miti ovyo anafaa kuulizwa ni wananchi gani, na msitu upi, na mti gani. Mkata boriti aliyefunzwa na babake hakati ovyo. Huchagua, na ili achague ni lazima ajue majina.

Kwa sababu hiyo idara za Kiswahili zina deni. Kila mwaka wanafunzi huhangaika kutafuta mada za tasnifu, na wengi huishia kwenye wahusika wa riwaya zile zile zilizokwisha kuchambuliwa. Msamiati wa wakata boriti na wajenzi wa majahazi unasubiri. Vivyo hivyo istilahi za biashara ya kaboni, ambazo zilizaliwa katika Kiingereza na ambazo wanakijiji hulazimika kuzisema kwa maneno yao wenyewe kila wanapokutana barazani. Maneno hayo ni yapi, na yanaeleza au yanaficha? Msomaji anayeukimbilia msaada wa kamusi mara nyingi huambiwa tu kwamba neno ni aina ya mti uotao pwani. Maelezo kama hayo yangeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kutoka ofisini.

Gazi iko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, na matatu ziendazo Lunga Lunga hupita karibu. Anayetaka kwenda aulize kwanza saa za maji kupwa. Yakijaa, mizizi yote huzama, na mzee wa kijiji hana cha kumwonyesha.