Maji ya Mpira wa Pili



Mama mmoja alitujia baada ya darsa akiwa na dukuduku. Kisima chao ni cha chumvi, basi wametia jikoni mashine ya kuchuja maji. Mpira mmoja hutoa maji matamu ya kunywa, wa pili hutoa yaliyobaki na chumvi. Haya ya pili yeye huyakinga kwa ndoo akatawadhia. Mavyaa wake amemkataza, akisema ni maji taka na swala zake zote zirudiwe. Wiki ya pili sasa hawasemezani.

Tunasema, kwa tawfiki ya Mola: maji hayo asili yake ni tohara na yanatohirisha. Chumvi yake imetoka nayo ardhini, wala hayajatumika kuondoa hadathi. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari, alijibu kuwa yanatohirisha.

Hata hivyo, hofu ya mavyaa isidharauliwe. Tulipodadisi tulielezwa kuwa asipokinga, mpira ule husukumwa ndani ya bomba la karo, kisha hutolewa ukarudishwa ndooni. Uchafu wa karo la jikoni si lazima uwe najisi, na yakini haiondolewi kwa shaka; kwa hiyo swala zilizopita ni sahihi. Lakini bomba hilo likiungana na la choo, kisha likaziba, najisi hupanda na kuugusa mpira. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, maji yasiyofika qullatayni hunajisika kwa kuguswa tu, hata yasipobadilika. Ndoo haifiki kipimo hicho.

Basi mpira uishie juu ya karo, pawe na uwazi wa sentimita 2.5 au zaidi. Fundi akiuunga kwenye bomba la sinki, auunge kabla ya ile kona inayobaki na maji, ili harufu isipande mashinini.

Bora zaidi ni kuyakinga daima. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita 2 hadi 4 kwa kila lita 1 ya kunywa, ilhali Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi 1, isiyofika lita 1. Yasinywewe wala kupikiwa, na mboga zitaungua kwa chumvi. Lakini yanafaa kwa udhu, sakafu na choo.

Mama huyu tumemuusia jambo moja zaidi: aanze yeye kumwamkia mavyaa wake, kisha waitengeze karo hiyo pamoja.

Wallahu a'lam.