Wasifu wa Mistari Saba



Safari hii sitaandika habari za viza wala ada, maana hayo yameshaandikwa kwenye kurasa hizi mpaka yamechuja. Nataka tuzungumze juu ya wazee wetu, na hasa jinsi tunavyowaaga wanapotutoka. Kwenye kundi letu la WeChat hapa Guangzhou haupiti mwezi bila tanzia. Huyu kafiwa na babu, yule kafiwa na bibi, mwingine na mjomba aliyemsomesha. Zinafuata pole, picha za mikono iliyofumbatwa, kisha unapitishwa mchango, na kwa michango kwa kweli hatujambo, sifa zetu tupewe. Baada ya siku mbili tatu mtu anaweka tangazo la kontena linalotoka Nansha kwenda Dar es Salaam, marehemu anasukumwa juu kwenye kioo cha simu mpaka anapotea. Alikuwa nani? Miaka themanini hiyo aliifanyia nini? Hilo halina mwulizaji.

Nyumbani nako tunasema tuna utaratibu, tunasoma wasifu wa marehemu kabla ya kwenda makaburini. Jamani, wasifu wenyewe mnaujua. Alizaliwa mwaka fulani kijiji fulani, akasoma mpaka darasa la ngapi, akaoa, akajaliwa watoto saba na wajukuu kadhaa, kisha inaanza habari ya ugonjwa. Hapo ndipo mwandishi anapochangamka: alianza kusikia maumivu lini, akapelekwa hospitali gani, akahamishiwa wapi, akalazwa siku ngapi. Mtu kaishi miaka themanini na kuugua miezi minane, lakini miezi minane imepewa nafasi kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia.

Mwaka jana alizikwa mzee mmoja jirani ya babu yangu kule Makambako, na ndugu wakanitumia picha ya karatasi iliyosomwa. Mistari saba. Ugonjwa mistari mitatu. Kazi mstari mmoja tu, kwamba kuanzia 1971 hadi 1975 alishiriki ujenzi wa reli ya TAZARA. Basi, nukta, tunaendelea.

Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, kwa hiyo mstari ule haunipiti hivi hivi. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20, na mengi ya mahandaki hayo yamerundikana kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako ambako ardhi inapanda, inashuka na kuporomoka ikinyeshewa. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema mradi haulipi. Zambia ilikuwa imebanwa, maana shaba yake ilipitia kusini, na kule kusini Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wake wa walowezi mwaka 1965. China yenyewe haikuwa tajiri, lakini ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza rasmi Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Yote hayo yamo vitabuni. Lakini kuna mtu alisimama ndani ya handaki la Mlimba na sururu, vumbi kifuani, taa ya jenereta nyuma yake, na huyo mtu akifa tunamwandikia kwamba "alishiriki".

Babu yangu mimi bado yupo, Mungu ampe afya. Nimemrekodi kwa simu kipande kwa kipande tangu mwaka juzi, kila Jumapili akitoka kanisani. Mambo anayosimulia si yale ya hotuba. Anasema walivyokuwa wakinyanyua taruma la zege, msimamizi wa Kichina alihesabu kwa lugha yake na wao wakaitika kwa Kihehe na Kibena, na baada ya mwezi kila mtu akawa anahesabu Kichina mpaka tano bila kujua kuandika. Anasema mtaalamu hakufundisha kwa maneno, alishika nyundo akapiga, akakupa nawe upige, akaona, akakunyang'anya, akapiga tena. Nikamwuliza, babu, hamkuogopa kule handakini? Akacheka. "Tuliogopa mvua, mjukuu wangu. Baruti unajua italipuka lini. Mlima uliolowa hujui." Jamani, mimi nimekaa darasani muhula mzima kusoma uthabiti wa miteremko, na sijasikia profesa akiieleza kwa ufupi namna hiyo.

Anasimulia na yasiyopendeza. Kuna waliofukuzwa kazi kwa kulala zamu. Kuna waliotoroka kwa sababu ya baridi, malaria na kazi ya usiku. Kuna waliogombana na wasimamizi wao. Ukimsikiliza unaona vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine hawajawahi kuona gari moshi maishani, wanaojaribu kupata mshahara wa kununulia baiskeli. Mashujaa? Labda. Lakini kwanza walikuwa vijana kama sisi, tena umri wao ule sisi wa shahada ya pili tumeshaupita.

Mtauliza, Makambako na Guangzhou wapi na wapi? Ndugu zangu, ni hapa hapa. Wachina waliokwenda kujenga reli ile walisafiri kwa meli, na bandari waliyoondokea ni Huangpu, mashariki ya mji huu huu tunaokaa. Meli iliyotajwa sana ni Yaohua. Takwimu rasmi za China zinasema wataalamu na wafanyakazi wapatao 50,000 walikwenda kwa awamu mbalimbali. Wengi hawakuwa watu wa Guangdong, walitoka majimbo ya mbali kwa treni, wakafika Guangzhou, wakapanda meli. Kwa hiyo mji huu ulianza kuagana na Afrika Mashariki zamani sana kabla mfanyabiashara wa kwanza wa kwetu hajapanga chumba Xiaobei.

Na wao wamezeeka pia. Nimekutana na mmoja kwenye bustani ya Yuexiu, mzee anayekaa na mwanawe, anakuja asubuhi kufanya mazoezi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Jambo, rafiki," kwa lafudhi ya miaka ya sabini kabisa. Nikamwamkia shikamoo, hakuijua, lakini "rafiki", "kazi", "pole pole", "maji" na "hatari" alikuwa nayo yote. Hebu tazameni maneno yenyewe: ni msamiati wa mtu aliyekuwa kazini. Mwanawe akaniambia hajawahi kumsikia baba yake akisema maneno yale. Miaka hamsini ndani ya nyumba moja!

Hapa ndipo penye hoja yangu. Wachina waliofia kwetu tunajua walipo. Pale Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina, yamepangwa, yana majina, na kila Aprili wakati wa Qingming, sikukuu yao ya kusafisha makaburi, watu wa ubalozi wao wanakwenda na maua. Xi Jinping alikwenda pale Machi 2013. Sina wivu nao, wamefanya lililo sahihi. Lakini hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba wafanyakazi zaidi ya 160 walikufa katika ujenzi ule, na kati yao Wachina ni 64 hivi. Toa wenyewe. Wanabaki karibu mia moja, na hao ni wa kwetu, Watanzania na Wazambia. Hao maua yao yako wapi? Wako makaburi ya vijijini, mmoja mmoja, chini ya migomba, na aliyejua kwamba fulani alikufa kwa reli ni mjane wake, naye kama yupo ana miaka themanini.

Wapo watakaosema kazi hii imeshafanywa. Ni kweli, Jamie Monson, mwanahistoria wa Kimarekani, alikaa na wazee wa njia ile na kitabu chake kikatoka 2009, kizuri sana, kisomeni. Namshukuru. Lakini mtu mmoja hawezi kuwamaliza wazee wa kilomita 1,860, na kusema kweli inaniuma kidogo kwamba babu zetu walisubiri mgeni aje awaulize swali ambalo wajukuu tunalo mdomoni kila likizo. Tena mgeni huelezwa kwa adabu. Mjukuu huelezwa na yale ya aibu.

Wengine watasema sisi tumekuja kusoma, hatukuja kuandika historia, hiyo kazi waachiwe watu wa fasihi. Hapo sikubaliani kabisa. Septemba 2024 pale Beijing, mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia, yalitiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Baadhi yetu tunaosoma hapa ndio tutakaoomba kazi kwenye mradi huo, msinikatalie. Sasa michoro ya zamani itakuonyesha daraja liko kilomita ya ngapi. Haitakuambia kwamba mteremko ule ulianguka mara tatu wakati wa kujenga wakaamua kuhamisha njia, au kwamba kalvati fulani huziba kila masika kwa sababu juu yake watu walifungua mashamba. Hayo anayo mzee aliyekuwa kwenye genge la matengenezo ya njia kwa miaka ishirini, anayatembea nayo kichwani huko Mlimba au Chita, na hakuna aliyemlipa posho ya kikao kwa kuyajua. Akizikwa na mistari saba tutakuja kuyalipia upya, kwa dola.

Halafu tusisahau wanafunzi. Tunapenda kujiita kizazi cha kwanza cha Waafrika Mashariki kusoma China, hasa tukishapiga picha za mahafali. Si kweli hata kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Peking ilianza mwaka 1961. Na mwaka 1972 vijana karibu 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea reli, ili wakirudi waiendeshe. Walisoma wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, nchi imefungwa, hakuna simu ya mkononi, barua inachukua wiki ngapi sijui kufika Mbeya. Sisi tunalalamika intaneti ya bwenini inakatika. Waliobaki katika hao sasa ni wazee wa miaka zaidi ya sabini, wengine mnawaita baba mkubwa bila kujua kwamba anaongea Kichina kuliko wewe.

Naomba nieleweke. Sitaki tuwatengenezee wazee sifa. Mzee akisimulia kwamba alikuwa mlevi, aliiba saruji gunia mbili, au alihamishwa kwa nguvu wakati wa vijiji vya ujamaa na bado ana kinyongo, liandikwe hivyo hivyo kama mwenyewe ameruhusu. Wasifu wa sifa tupu haumkumbushi mtu, maana unaweza kubadilisha jina ukausoma kwa mwingine. Napenda maswali madogo: mlikula nini asubuhi? Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Viatu ulipewa? Nani alikufundisha kazi, na wewe ukamfundisha nani? Mwenzako aliyeumia aliumia vipi? Ukimwuliza mzee "toa maoni yako kuhusu mchango wa TAZARA", atakupa hotuba ya mwaka 1976, na haki yake.

Kwa hiyo nimepeleka pendekezo kwenye kamati ya chama chetu, na nalileta kwenu ili wakilikalia mjue. Kila anayekwenda nyumbani likizo ya mwaka mpya wa Kichina arekodi mzee mmoja, saa moja tu, kwa lugha ambayo mzee mwenyewe anaota nayo, iwe Kinyakyusa, Kibemba au Kipogoro. Si lazima awe wa reli. Mzee wa mkonge Tanga, bibi aliyekuwa mkunga Kigoma, baharia wa Lamu, wote wanafaa. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine tuihifadhi sisi, na chochote mzee alichosema kisitoke, kisitoke.

Kwa upande wa huku, yule mzee wa Yuexiu amekubali. Mwanawe pia, na atakaa nasi, maana anasema naye anataka kusikia. Mzee ana lafudhi nzito ya kwao kaskazini ambayo Kichina changu cha darasani hakiifikii, hivyo natafuta mtu aliyefika angalau mwaka wa nne wa lugha. Wanaokwenda Ifakara, Mlimba, Makambako na Mbeya tuonane kabla ya tiketi kupanda bei. Kinasa sauti ninacho kimoja, na mzee wa Mlimba niliyeelekezwa kwake ameniambia nisimlete mtu Jumatano, siku ya mnada.