Ati Kutunisha Misuli Kwashinda Michezo Yote kwa Ugumu?

Kuna neno linalozunguka siku hizi katika Unguja, mjini na mashamba, nalo limekwisha kuingia hata katika madarasa yetu. Vijana waketio barazani Mkunazini na Kikwajuni, na wale wafanyao mazoezi ya vyuma huko Ng'ambo, husema kwamba kazi ya kutunisha misuli ni ngumu kuliko mchezo wo wote wa kushindana, ukiwa mpira, zikiwa mbio, zikiwa ngumi, yakiwa mashindano ya ngalawa. Wengine husema hivi kwa mzaha, na mzaha wa barazani hauna haja ya kujibiwa. Walakini wako wasemao kwa moyo wote, na wanafunzi wetu huwasikia, wakauacha uwanja. Kwa sababu hiyo twaona yatupasa sisi waalimu kulijibu neno hili waziwazi. Si kweli, na zaidi ya kuwa si kweli, lina hatari ndani yake.

Lakini kwanza tuwape haki yao, maana wako wanaowacheka watu hawa bila kujua wanachokicheka. Husema, "Huyu anajipenda tu, kutwa yuko mbele ya kioo." Hao nao wamekosa. Tuitazame kazi yenyewe. Msuli haukui wakati chuma kinaponyanyuliwa. Wakati ule huchoshwa na kuumizwa kidogo, kisha hujengwa baadaye, mtu alapo na alalapo, usiku baada ya usiku, hata miezi ipite ndipo jicho lione tofauti. Basi mtu huyu hana saa ya kusema, Leo nimemaliza. Mchezaji wa mpira akisikia filimbi ya mwisho huvua viatu akaenda zake; mtunisha misuli huichukua kazi yake mpaka kwenye mkeka wa chakula na kitandani pia.

Na yaliyo mazito zaidi ni majuma ya mwisho kabla ya kushindanishwa. Hapo sharti mafuta yaliyo chini ya ngozi yaondoke ili misuli ionekane, nayo hayaondoki ila kwa njaa. Nduguze wanakula wali wa nazi na mchuzi wa pweza, yeye ana kipande cha samaki wa kuchemsha na yai lililotolewa kiini. Biriani ya harusi humpita puani. Tena haya ayafanya hapa Unguja, ambapo kukataa chakula cha mwenyeji ni karibu sawa na kumtukana! Mtu awezaye hayo miezi mitatu mfululizo si mvivu wala si mpumbavu, na mzazi amwitaye hivyo amemdhulumu.

Tena pana jambo ambalo wengi wa watazamaji hawalijui. Siku ile apandapo jukwaani, amepakwa mafuta, kila msuli ukihesabika, watu wakishangilia nguvu zake, siku ile aghalabu ndiyo siku aliyo dhaifu kuliko zote za mwaka wake. Amekaa na njaa majuma mengi, na wengine wamejinyima hata maji ya kunywa. Mwambie akimbie toka Darajani hata Mnazi Mmoja, uone kama atafika bila kuketi. Nguvu alikuwa nazo, lakini amezitumia zote ili zionekane.

Hayo yote twayakubali. Hata hivyo hoja yao haisimami, kwa maana wameichukua taabu wakaipa jina la ugumu wa mchezo. Kama ni kupima taabu tu, basi nishani na wapewe mahamali wa Malindi, wasukumao magari ya mizigo juani tangu asubuhi wala hakuna awapigiaye makofi. Au wapewe kina mama wa Paje na Jambiani, waingiao baharini maji yakipwa, wakainama saa nyingi juu ya kamba za mwani, kisha wakarudi pwani na gunia lililolowa kichwani. Mbele ya hao, mtunisha misuli na mcheza mpira wote wawili na wanyamaze. Taabu imo katika kila kazi ya mwili. Ugumu wa kushindana ni kitu kingine.

Ni kitu gani? Chuma hakina akili. Chuma cha kilo 20 leo ni kilo 20 kesho. Hakikufanyii hila, hakibadili njia, hakikungoji uchoke ndipo kikupite. Lakini mpinzani ana akili kama zako, naye amekuja kwa kusudi la kukuharibia yote uliyoyapanga. Hata mzee mcheza bao, ambaye hana msuli hata mmoja wa kuonyesha, ayajua haya vizuri kuliko vijana wetu: ameihesabu mizunguko yake yote, amekwisha kuona ushindi, na mkono mmoja wa mwenzake waivunja hesabu nzima.

Tutoe mfano wa mtu wetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitangulia tangu mwanzo, akaongoza peke yake, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, nayo ikawa rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji wa nchi ile, naye alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Wasomaji na walitazame jambo hili kwa makini. Walker naye aliishinda rekodi ya zamani! Siku ile alikimbia kuliko mtu ye yote aliyepata kukimbia mbio zile kabla yake, na bado akashindwa. Tena ilimbidi kuamua mle mle mbioni, pumzi zikimwishia: Nimfuate huyu sasa, au nimwache achoke? Akikosea kidogo tu, hakuna kurudia kesho. Mtunisha misuli akiona leo mkono umechoka hupunguza chuma, akakiongeza Jumatatu.

Wala hatuna haja ya kwenda New Zealand. Nani katika Unguja aliyeisahau tarehe 17 Desemba 2017? Timu yetu ya Zanzibar ilifika fainali ya Kombe la CECAFA huko Machakos, baada ya kuwatoa Uganda katika nusu fainali. Wakatoka sare na Kenya, mabao 2 kwa 2, hata ikawa mikwaju ya penalti, na Kenya wakashinda kwa 3 kwa 2. Mpira umewekwa hatua kumi na mbili tu kutoka mlangoni. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuupiga. Ila si mtoto aliyetumwa kuupiga, bali kijana ambaye miguu yake imekimbia saa mbili, mbele yake mlinda mlango anayemsoma macho, na nyuma yake visiwa viwili vimeziba pumzi. Hakuna chuma duniani kifundishacho hatua zile chache za kuuendea mpira ule.

Watatujibu kwamba hata wao wana mashindano, wana waamuzi, wana washindani. Ni kweli, tena ni jambo la zamani. Eugen Sandow, mtu mwenye nguvu aliyesifiwa sana katika Ulaya, aliyafanya mashindano yake makubwa London katika ukumbi wa Royal Albert Hall, tarehe 14 Septemba 1901, na miongoni mwa waamuzi alikuwako Arthur Conan Doyle, mtunga hadithi. Lakini angalieni yaliyotafutwa siku ile: si ukubwa wa misuli tu, bali ulinganifu wa mwili, na afya, hata hali ya ngozi. Yaani waliamua kama vile watu waamuavyo uzuri wa jahazi lililokwisha kuundwa. Nasi hatuudharau ufundi wa fundi wa majahazi, ni ufundi mkubwa; ila kuunda jahazi si kulishindanisha katika kusi. Wale wasimamao pamoja jukwaani hawawezi kuugusa msuli wa mwenzao wala kumlazimisha lo lote. Kazi imekwisha kufanyika nyumbani, imebaki kutazamwa. Ndiyo maana kunyanyua vizito, ambako chuma hunyanyuka au hakinyanyuki mbele ya watu wote, kuliingia katika Michezo ya Olimpiki tangu 1896, na kutunisha misuli hakujaingia hata leo.

Basi, mwaweza kuuliza, kwa nini waalimu wajisumbue na ubishi wa vijana? Kwa sababu ya hatari tuliyoitaja. Kijana akiisha kuamini kwamba heshima ya kazi yake ni taabu yake, ataiongeza taabu ili aiongeze heshima. Mwenzake amejinyima chumvi, yeye atajinyima maji. Mwenzake amemeza kidonge, yeye atajichoma sindano. Dawa hizo ziitwazo steroidi ni mfano wa homoni ya kiume, nazo kweli hukuza misuli. Pia huunenepesha moyo vibaya, huliumiza ini, na huupunguza uwezo wa mwanamume wa kuzaa, maana mwili ukiona homoni yaletwa kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake. Mohamed Benaziza, aliyezaliwa Algeria akawa bingwa katika Ulaya, alikufa mwaka 1992 huko Uholanzi, saa chache baada ya mashindano, mwili wake ukiwa umekaushwa maji kwa ajili ya jukwaa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Twajua watasema kwamba katika ngumi pia watu hufa, na katika mpira miguu huvunjika. Ndiyo. Lakini hatujasikia mcheza mpira akijisifu kwa mguu uliovunjika kana kwamba ndio ufundi wake. John Stephen Akhwari alipoanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, alimaliza saa moja na zaidi nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda, na dunia yote ikamheshimu. Lakini hakuna mwalimu wa mbio aliyewaambia wanafunzi waumize magoti kwanza.

Mpira wenyewe haukuja hapa jana. Wanafunzi wa chuo cha Kiungani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuucheza katika Unguja, karne ya 19 ilipokuwa haijaisha, na vijiji vyetu vingi vina uwanja ambao wazee waliukatia minazi kwa hiari yao. Tungependa viwanja hivyo visiote majani. Na kijana apendaye vyuma, na anyanyue, hatumzuii. Vyamfaa hata mcheza mpira. Ila asimwombe babaye auze ndama ili anunue unga wa kopo utokao ng'ambo, maana kunde, dagaa, mayai na samaki wa feri vina protini ile ile. Na anywe maji. Na kitu kiuzwacho kwa kunong'onezana nyuma ya duka asikitie mwilini mwake, hata akiambiwa kwamba bingwa fulani amekitumia.

Akiisha kufanya hayo, na bado akasema kwamba kazi yake yaishinda yetu kwa ugumu, tutampa nafasi ya kuthibitisha. Na aje uwanjani alasiri moja, tumweke nafasi ya beki wa kushoto dakika 90, mbele ya winga mwembamba wa miaka kumi na sita ambaye hajapata kugusa chuma maishani mwake. Nasi, kwa haki, tutampa winga huyo mayai yasiyo na kiini muda wa majuma manane, tuone nani atakuwa wa kwanza kuomba msamaha.