Theluji ya Kibo na Machozi ya Kuazima

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Desemba iliyopita nilipita kwenye duka moja kubwa hapa Dar. Joto la kukausha mate. Nikakuta kijana kapanda ngazi, anabandika pamba kwenye mti wa Krismasi wa plastiki. Nikamuuliza, ndugu yangu, hiyo nini? Akanijibu bila hata kugeuka: "Theluji, braza." Nikamuuliza theluji ya wapi. Akacheka. "Ya Ulaya bwana, kwani kuna nyingine?"

Nikatoka nimenuna. Pamba huenda imelimwa Shinyanga, imebandikwa na kijana wa Mbagala, lakini theluji inayoigizwa ni ya Ulaya! Na nchi hii ina mlima wa mita 5,895 wenye theluji yake yenyewe. Bendera ya Uhuru ilipandishwa juu yake Desemba 1961, picha yake imejaa kwenye kalenda na chupa za maji. Bado mtu anauliza kwani kuna nyingine?

Mimi nimezaliwa Kibosho. Theluji sikuifahamu kwenye sinema, niliifahamu kabla sijajua kusoma. Bibi alikuwa akiamka gizani kuwasha moto, nami namfuata nimejifunika blanketi lenye harufu ya moshi. Ukitoka nje saa kumi na mbili kabla mawingu hayajapanda, Kibo huyo hapo juu ya migomba, mweupe, kisha jua linampaka rangi ya waridi. Bibi angesema tu, "Leo kavaa." Basi. Halafu chai ya maziwa yenye tangawizi, na ndizi iliyochomwa kwenye majivu. Mpaka leo sijapata hotelini kifungua kinywa cha kukifikia kile.

Tena kulikuwa na hadithi. Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, kila mara wake umezimika. Siku moja Kibo akachoka, akamchapa mchi wa kutwangia. Ndiyo maana Mawenzi kabaki na kichwa chenye makovu. Tulipokataa kwenda kuchota maji tulitishiwa mchi huohuo.

Na siku ya mvua ya mawe? Tulitoka mbio na sufuria, tukaokota, tukatia sukari, tukala tukiambiana kwamba Kibo katutumia zawadi. Nilipohamia mjini kwa shangazi kusoma, kila nikinunua barafu ya ubuyu nilikuwa nakwangua ule ukungu mweupe nje ya mfuko kwanza. Nilikuwa natafuta nyumbani kwa ulimi.

Hata sasa nikipanda basi la Moshi nagombea siti ya kulia. Mkifika Himo kama mawingu yamefunguka, basi zima linainama upande mmoja. Mama mwenye mtoto, mwanajeshi, mfanyabiashara wa vitunguu, wote wanachungulia. Konda mwenyewe ananyamaza! Raha hiyo haikatiwi tiketi.

Sasa hasira yangu inatoka wapi? Inatoka kwetu waandishi, mimi wa kwanza.

Barafu ya Kibo inaisha, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika kama kilometa za mraba 12. Kufikia 2007 takriban asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Mwaka 2002 wanasayansi waliandika kwamba hali ikiendelea vile, ingeweza kumalizika kati ya 2015 na 2020. Magazeti yetu yakaibeba habari hiyo kama tangazo la msiba lenye tarehe ya mazishi. 2020 ikapita, mabaki yakawa bado yapo. Mwaka 2022 UNESCO wakaitaja Kilimanjaro kati ya milima ambayo barafu yake itatoweka ifikapo 2050. Tukanakili tena, neno kwa neno, bila kupanda hata kilometa moja kwenda kumuuliza anayeishi chini yake.

Na tunachanganya mambo. Theluji na barafu si kitu kimoja. Theluji inaanguka na kuyeyuka. Ndiyo ile inayomvika Kibo nguo nyeupe wakati wa masika, watu wakarushiana picha wakishangilia kwamba "imerudi." Barafu ni ile kongwe, kuta na mabamba yaliyojengeka karne kwa karne. Hiyo ndiyo inayokwisha, na picha nzuri ya Aprili hairudishi hata kipande chake.

Lakini kosa kubwa ni hili, nami nalikiri hadharani. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliagizwa habari ya mlima. Nikaandika kwa mbwembwe zote za mhitimu wa chuo kikuu: barafu ikiisha, maji ya Wachaga nayo yameisha. Nikapeleka nakala kwa Bibi, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Baba, mfongo wetu unaanzia wapi?"

"Juu, Bibi."

"Juu wapi?"

Nikakosa jibu. Nimekunywa maji ya mfongo ule miaka yote, nami sijui unaanzia wapi! Akanituma na binamu yangu tuufuate. Tulipanda tukapita migomba, tukapita kahawa, tukafika penye miti mikubwa iliyovaa kuvu na ndevu za kijani, na maji yakitoka chini ya mizizi. Kibo alikuwa bado mbali kabisa huko juu.

Nilirudi nikasoma, na kumbe Bibi alikuwa sambamba na wataalamu. Mchango wa barafu katika mito ya Kilimanjaro ni mdogo sana. Kule juu ni baridi na ukavu, kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Maji yetu yanatoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu, na kwenye ukungu unaonaswa na majani na kudondoka tone tone. Moto ukiteketeza miti ya juu, kama ule wa Oktoba 2020 ambao wananchi kwa mamia walijitokeza kuuzima, tunapoteza mikono inayokamata ukungu.

Kwa hiyo ndugu zangu, tukimlilia Kibo peke yake huku msumeno unalia msituni, tunalia machozi ya kuazima. Kilio chenyewe tumekiazima kwa mtu anayeupenda mlima kama picha ukutani. Nasi kilio hicho kinatufaa, maana kinatuacha huru. Kama tatizo lote ni viwanda vya mbali, mimi nifanye nini? Naam, wenye viwanda wana deni, walipe. Lakini mkaa unaoteremka usiku haupakiwi Ulaya. Aliyerina asali akaacha moto unawaka si mgeni. Na mfongo uliozibwa na taka za plastiki umezibwa na sisi wenyewe.

Niliandika masahihisho. Mkubwa mmoja akaniambia, "Msitu kuleta maji? Hiyo siyo habari." Barafu kufa ndiyo habari. Sawa mkuu, basi naiandika hapa, ambapo hakuna wa kuikata.

Najua kuna atakayesema, "Kwa hiyo barafu haina maana, iende tu?" Hapana! Mzee akifariki hatusemi hana maana kwa kuwa alikuwa hachoti tena maji. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipoandika kwamba kaiona theluji karibu na ikweta, mabingwa wa jiografia London walimbishia miaka na miaka. Wakati huo mwenyeji aliyemwongoza alikuwa na neno lake moja tu kwa kile cheupe: baridi. Alijua alichokuwa anakiona. Sisi wajukuu tuna shahada, na tunadhani theluji ni pamba ya dukani.

Mwanangu, Mungu akinijalia, huenda asiione barafu ile. Linaniuma, sitaki kujifanya shujaa. Nitamsimulia mchi wa Kibo, nitamwonyesha theluji ya masika ikianguka. Lakini nataka amkute mfongo ukiwa na maji. Pasaka iliyopita Bibi na mimi tulipanda miringaringa sita kando yake. Ana miaka zaidi ya themanini, anachimba shimo haraka kuliko mimi. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akatazama juu. Mawingu yalikuwa yamefunga.

"Hata asipovaa," akasema, "sisi tumepanda."

Nawasilisha.