Pole si Samahani

Nani aliwaambia wenye hoteli zetu kwamba neno "pole" ni huduma?

Mwaka jana tulisafiri watatu kutoka Kampala hadi Mombasa kuona Fort Jesus na Mji wa Kale, mambo ambayo darasani tunayasoma tu. Chumba tulikilipia mapema, shilingi 4,500 za Kenya kwa usiku mmoja, tukaahidiwa vitanda vitatu, feni na chai ya asubuhi. Tulifika saa nne usiku, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi. Chumba chetu kilikuwa kimepewa watu wengine. "Poleni sana," akasema dada wa mapokezi. Tukapewa kingine chenye vitanda viwili. Feni haizunguki: poleni. Bomba halitoi hata tone: pole, dadangu. Niliomba ndoo ya maji, ikaja baada ya saa nzima, nayo ilikuwa nusu.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo neno hilo liliniudhi kuliko joto. Pole humwendea mtu aliyefikwa na jambo: mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa. Anayeitoa hana kosa. Mkosaji husema samahani, au nisamehe. Hata Kiluganda kina kitalo kwa mwenye msiba na nsonyiwa kwa anayeomba radhi, na hakuna anayezichanganya. (Mjini Kampala wahudumu hukimbilia "sorry" ya Kiingereza, ambayo hubeba maana zote mbili, basi hujui kama mtu anakiri au anakusikitikia.) Sisi tulipewa pole kana kwamba vitanda vyetu vilichukuliwa na mafuriko. Tena adabu ya Pwani inamtaka aliyepewa pole ajibu "nishapoa". Ukishatamka hivyo kesi imekwisha, na wewe uliyedhulumiwa ndiye uliyeifunga!

Mwenzangu alinikanya nisimkaripie yule dada, kwani yuko peke yake usiku kucha na mshahara wake bila shaka ni mdogo. Kweli. Ugomvi wangu ni na tajiri wake, ambaye saa hizo alikuwa amelala kwake, simu imezimwa. Shida ya maji Mombasa si ajali. Maji ya mji ule hutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, na wauza maji hupita mitaani na mikokoteni iliyojaa mitungi. Hata sisi wageni tuliwaona. Anayefungua hoteli hapo bila tangi kubwa la akiba ameamua mwenyewe kwamba mgeni atakosa maji. Na chumba kuuzwa mara mbili nako si kudra ya Mungu. Daftari lilikuwa mezani, majina yetu yamo.

Asubuhi tajiri alikuja. "Poleni jamani kwa ya jana." Mwenzangu, kwa adabu zake, alikuwa ameshafungua kinywa kujibu, nikamkanyaga mguu. Nikamwuliza mzee yule ataturudishia kiasi gani. Akasema chai iko tayari.

Chai ilikuwa nzuri, sikatai, na mahamri ya moto. Lakini pesa haikurudi hata senti, na samahani hatukuisikia mpaka tunatoka mlangoni.