Ufalme wa Sulemani haukuvunjwa na wanawake

Kwenye semina za ndoa na mahubiri ya vijana, Sulemani hutolewa mfano uleule: mfalme mwenye hekima kupita wote, akaangushwa na wanawake. Wake 700, masuria 300, na waumini wanaitikia amina hata mhubiri hajamaliza. Fundisho hili nalipinga, tena kwa Biblia hiyohiyo aliyoishika mkononi.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme hakifichi jinsi Sulemani alivyotawala. Alitoza shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, katika Israeli yote, watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kukata mierezi kwa zamu za watu 10,000: mwezi mmoja huko, miezi miwili nyumbani. Mbali na hao, kulikuwa na wachukuzi 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Hekalu lilikwisha kwa miaka 7; nyumba yake mwenyewe ikachukua 13. Hiramu wa Tiro, aliyemletea mierezi na dhahabu, akapewa miji 20 ya Galilaya, na hakuna panaposemwa kwamba wakazi wake waliulizwa.

Halafu kuna chakula cha ikulu. Nchi ilikuwa na maakida 12, kila mmoja akiilisha nyumba ya mfalme mwezi mmoja kwa mwaka. Wawili kati yao walikuwa wameoa binti zake. Kwa siku moja tu walichinjwa ng'ombe 30 na kondoo 100, mbali na kulungu na kuku walionona. Sasa mfikirie mkulima wa Efraimu aliyeangukiwa na zamu ya Lebanoni. Miezi minne kila mwaka hayupo shambani, na akida bado anadai unga wa mfalme kutoka shamba hilohilo.

Sulemani alipokufa, makabila ya kaskazini yalimkabili mwanawe Rehoboamu pale Shekemu. Yaliomba jambo moja: apunguze uzito wa kongwa walilotwikwa na baba yake. Binti Farao, mke wa Sulemani, hakutajwa. Mungu wa kike Ashtorethi hakutajwa. Wazee walimshauri mfalme awajibu watu kwa upole, lakini yeye akafuata maneno ya vijana wenzake na kuahidi mzigo mzito zaidi. Baada ya hapo akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, na Waisraeli wakamuua kwa mawe. Waliyemtawaza badala ya Rehoboamu, Yeroboamu mwana wa Nebati, alikuwa amesimamia kazi za nyumba ya Yusufu. Mzigo ule aliujua kwa karibu.

Nitajibiwa kwamba sura ya 11 inasema wake zake walimgeuza moyo, naye Mungu akaapa kuurarua ufalme. Inasema hivyo, na siifuti. Lakini aliyekasirikiwa ni Sulemani, si wao. Ni yeye aliyewajengea miungu Kemoshi na Moleki mahali pa ibada kwenye mlima unaoelekea Yerusalemu, kwa amri yake. Na wengi wa hao wake waliingia ikuluni kwa mapatano ya watawala: Farao alimtoa binti yake pamoja na mji wa Gezeri kama zawadi ya arusi. Msichana anayekabidhiwa ili wafalme wawili wapatane, leo ndiye tunayemfanya mshtakiwa, huku wanawake wa makanisa yetu wakiketi kusikiliza kana kwamba kosa lile ni lao. Inaniuma kila ninapolisikia fundisho hilo, kwa sababu linamwacha huru mtawala aliyewamaliza watu wake.

Kumbukumbu la Torati sura ya 17 inamkataza mfalme kujilimbikizia farasi, wake, fedha na dhahabu, vyote pamoja. Wahubiri wamechagua wake tu. Naye mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliiacha kabisa habari ya wake waliomgeuza Sulemani moyo. Malalamiko ya Shekemu juu ya kongwa hakuyaacha.